Anayenunua kazi ya polisi atauza haki

Usajili wa polisi unapotangazwa, vijana wetu huamka alfajiri kufanya mazoezi ya mbio. Katika nyumba nyingine mzazi naye huamka alfajiri, lakini yeye anatazama zizi: auze ng'ombe yupi ili mwanawe "asaidiwe" kuingia? Ndugu msomaji, hebu tujiulize. Anayenunua kazi ya polisi, akishavaa sare atauza nini?

Nchini Kenya kuna njia zaidi ya moja ya kuingia. Aliyemaliza kidato cha nne huingia kama kurutu na kuhitimu akiwa konstebo. Mwenye shahada anaweza kuingia kama kadeti, akahitimu akiwa inspekta. Kadeti anaandaliwa kutoa amri. Akipelekwa kituo cha jijini Nairobi, atawakuta chini yake makonstebo waliozijua barabara za jiji hilo yeye akiwa bado shuleni. Watamtazama. Akikataa "chai" ya matatu, watajua. Akidai mgao wake, watajua upesi zaidi. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Sembuse akioza mkubwa wao!

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Simoni mchawi aliwapelekea mitume fedha ili naye apewe uwezo wa kuwashushia watu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea vikali. Beji ya polisi si sakramenti, lakini uwezo wa kumkamata binadamu, kumfungia na kubeba bunduki kwa niaba ya raia ni amana. Amana hainunuliwi. Aliyeuza shamba ili aipate anaanza kazi akiwa na deni, na deni hilo atalilipa mwendesha bodaboda. Atalilipa mama mboga. Atalilipa mzazi aliyefika kituoni usiku kumtoa mwanawe, akaambiwa atoe fedha za bondi, ilhali bondi ya polisi ni bure.

Tuliwahi kuyaona matunda yake. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ilifuta usajili wa makurutu 10,000 uliofanyika Julai mwaka huo. Mamlaka ya IPOA, inayosimamia utendakazi wa polisi, ndiyo iliyokwenda kortini ikilalamikia ufisadi na kuvunjwa kwa taratibu. Waliohonga walipoteza nafasi. Waliokimbia na kufaulu kwa jasho lao wakazipoteza pia. Ngano iling'olewa pamoja na magugu.

Najua jibu la wazazi wengi: "Padre, wote wanatoa. Nisipotoa, wangu atabaki nyumbani." Uchungu huo ni wa kweli. Ajira ni haba, na karo imekwisha kulipwa. Lakini mzazi anayehonga anakuwa mkufunzi wa kwanza wa mwanawe. Kabla kijana hajafika Chuo cha Polisi Kiganjo, amekwisha kujifunza nyumbani kwamba haki ina bei. Na nafasi aliyonunuliwa ilikuwa ya mtoto wa jirani asiye na ng'ombe. Huo ni wizi, hata ukifuatwa na Misa ya shukrani na sadaka nono.

Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwataka wasimnyang'anye mtu, wasimsingizie mtu, waridhike na mshahara wao (Luka 3:14). Kornelio naye alikuwa akida, na alijulikana kwa sala na sadaka zake. Upolisi ni wito mwema, na Kanisa linawahitaji watoto wake humo.

Basi wewe kijana unayejiandaa, kimbia, soma, omba, peleka vyeti vyako. Ukidaiwa hongo, ripoti kwa tume ya maadili, EACC. Na wewe mzazi, mwache ng'ombe zizini. Mwanao akikosa nafasi kwa uaminifu, arudi nyumbani akiwa na dhamiri safi. Akiipata kwa uaminifu, ataingia kituoni bila deni la mtu, na maskini atakayefika mbele yake atasikilizwa bure.