Kununua Mfumo Si Kununua Ujuzi

Nimechoka kusikia maneno "tumenunua teknolojia". Mkurugenzi anatia sahihi mkataba, anapigwa picha na wauzaji, kesho yake tunasoma gazetini kwamba kampuni imepiga hatua. Hatua gani, jamani? Mlichonunua ni mashine na leseni. Ujuzi umepanda ndege ukarudi kwao pamoja na mshauri.

Hebu tazama Korea Kusini. Mwaka 1968 Hyundai ilianza kuunganisha Ford Cortina huko Ulsan. Vipuri vinatoka nje, wao wanakaza skrubu. Sisi nasi miaka ya 1970 tukafungua viwanda vya namna hiyo hiyo: Leyland Kenya pale Thika (baadaye kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers) na General Motors Kenya hapa Nairobi. Tulipishana miaka michache tu.

Wenzetu walifanya nini? Mwaka 1974 walimwajiri George Turnbull, aliyekuwa mkubwa British Leyland, akaja na wahandisi wenzake. Umbo la gari wakalinunua kwa Giugiaro wa Italia, injini wakachukua kwa Mitsubishi. Gari lao Pony likaingia sokoni. Hawakuishia hapo. Walijifunza kuunda injini kwa msaada wa Ricardo ya Uingereza, na mwaka 1991 wakatoa injini yao wenyewe, Alpha. Miaka 23 tangu Cortina! Sisi kwa sehemu kubwa bado tunakaza skrubu.

Angalia vizuri: wao pia walinunua kutoka nje. Tofauti ni kwamba kila walichonunua kilikuwa na watu wa ndani waliopewa kazi ya kukielewa. Mwaka 1990 Wesley Cohen na Daniel Levinthal waliandika hoja ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila ofisi ya manunuzi: uwezo wa kampuni kutambua maarifa mapya ya nje na kuyatumia unategemea inachokijua tayari. Utafiti wa ndani una faida mbili. Unazaa vitu vipya, na unakufanya uelewe vya wengine. Ukiufuta ili kubana matumizi, umejitoboa macho.

Utasema Korea ilisukumwa na serikali yake. Kweli, ilisukumwa. Lakini amri ya serikali haimfundishi mtu injini. Tena programu si gari, haihitaji kiwanda cha mabilioni. Inahitaji kompyuta, muda na watu.

Hata M-Pesa, fahari yetu, ina somo. Ilizinduliwa Machi 2007, lakini mfumo wake Vodafone iliagiza utungwe Uingereza, na seva zilikaa Ujerumani hadi 2015. Safaricom na Vodacom walinunua haki za jina na za kuuendeleza mwaka 2020. Miaka 13! Sisi tulimjua mteja na wakala, na huo ni ujuzi mkubwa, siubezi. Ila moyo wa mashine ulikuwa mikononi mwa mwingine.

Nimewahi kufanya kazi kwenye kampuni (jina naliweka kapuni) ambako kubadilisha safu moja tu ya ripoti kulimaanisha kuandikia wauzaji ng'ambo, kungoja wiki tatu, kisha kulipa ankara. Chumba kizima cha watu wenye digrii za kompyuta tulikuwa tunangoja barua pepe!

Kwa hiyo wakubwa, kabla hamjatia sahihi ulizeni maswali matatu. Je, msimbo tutauona? Ni watunga programu wetu gani watakaokaa na wageni tangu siku ya kwanza, si vijana wa atachimenti wa kuleta chai? Na wageni wakiondoka, nani atautengeneza mfumo ukianguka saa nane usiku?

Kama jibu la swali la tatu ni namba ya simu ya ng'ambo, hamjanunua teknolojia. Mmekodi.