Deni la Kabaila

Hadithi ya kabaila aliyetubu huandikwa siku zote kwa namna moja. Bwana huzaliwa katika neema, hulewa kiburi na anasa, huguswa na Mungu, kisha hushuka kwa maskini akawahudumia. Maskini wenyewe hawana kazi katika hadithi hiyo ila kupokea. Wao ni ngazi tu ya bwana kupandia mbinguni.

Ndivyo anavyosimuliwa Charles de Foucauld, aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1858 na kutangazwa mtakatifu na Papa Fransisko tarehe 15 Mei 2022. Yatima wa ukoo mkubwa wa Kifaransa, alirithi mali ya babu yake akaitapanya kwa karamu alipokuwa afisa wa jeshi, hata jamaa zake wakaiweka chini ya msimamizi. Oktoba 1886 alitubu katika kanisa la Mtakatifu Augustino, Paris. Akawa mtawa wa Kitrapisti, kisha mtumishi wa watawa wa kike Nazareti, kisha padri katika jangwa la Aljeria. Kwa wasimulizi, yote yaliyofuata ni matunda tu ya magoti yaliyopigwa Paris.

Hoja hiyo ni dhaifu, kwani ufukara huweza kuvaliwa kama nguo. Foucauld alikwisha kuuvaa kabla ya kutubu. Mwaka 1883 aliingia Moroko akijifanya Myahudi maskini, akiongozwa na Mordekai Aby Serour, aliyekuwa Myahudi na maskini kweli. Safari ile ilimpatia kabaila nishani ya dhahabu ya Chama cha Jiografia cha Paris. Kiongozi wake aliambulia kutajwa kwa dharau kitabuni. Anayetaka tuliamini joho la kitawa la baadaye lazima atuonyeshe kilichobadilika.

Kilichobadilika kilitukia Tamanrasset, Januari 1908. Ukame ulikuwa umewakausha Watuareg. Foucauld, aliyekuwa akigawa chakula chake, aliugua hata asiweze kujongea. Majirani zake Waislamu walizunguka umbali wa kilomita nne wakitafuta kila mbuzi aliyebakiwa na maziwa kidogo, wakamnywesha, akapona. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoaji huweza kubaki bwana hata akiwa amevaa matambara. Mgonjwa anayenyweshwa maziwa ya watu wenye njaa hana ubwana wa kubaki nao.

Wapo watakaomwita wakala wa ukoloni, na ushahidi wanao. Aliwapa maafisa wa jeshi habari za nchi, na ngome yake ilikuwa na bunduki siku alipouawa, tarehe 1 Desemba 1916. Alilaani utumwa na kuwalaumu watawala wa Kifaransa kwa kuuvumilia, ila haki yao ya kutawala hakuitilia shaka. Toba yake, basi, haikufika mwisho, na wasifu unaoficha jambo hilo haumtendei haki yeye wala Watuareg.

Deni la maziwa lina ndugu yake, deni la maneno. Foucauld alikusanya mashairi ya Kituareg na kutunga kamusi kubwa ya lugha hiyo. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka pamoja na Ba Hammou, katibu wa chifu Moussa ag Amastan. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua hali hii: mashairi ya Muyaka yalimfikia W. E. Taylor kwa mkono wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, na ni wangapi humtaja Sikujua?

Foucauld mwenyewe hakutaka jina lake liwekwe kwenye kazi zake za lugha. Kamusi ilichapwa mwaka 1951 na 1952, juzuu nne. Jaladani pana jina lake. La Ba Hammou halipo.