Kichwa Kilichopungua Nywele na Sharia Yetu

Mama mmoja wa Kiserian, kaunti ya Kajiado, ameniletea swali kwa siri. Tangu ajifungue miezi mitano iliyopita, nywele zake zanyonyoka kwa mafungu. Msusi amembandikia wigi kwa gundi kwenye ukingo wa paji la uso, na wiki ya tatu sasa hajalivua, kwani amuonea haya mumewe. Auliza: je, josho lake lasihi? Na ikiwa halisihi, afanye nini asiaibike nyumbani kwake?

Kwanza, dada yangu, haya yako haina lawama. Bibi Asmaa binti Abubakar, Allah amridhie, amesimulia kuwa mama mmoja alimwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kwa ajili ya bintiye bi harusi aliyenyonyoka nywele kwa maradhi. Alitaka kumuunganishia nywele nyingine. Mtume hakumruhusu, na akaeleza kuwa mwenye kuunganisha na mwenye kuunganishiwa wamelaaniwa. Bukhari na Muslim wote wawili wameipokea. Basi nywele za binadamu, ziwe za kushonea au za wigi, zisikaribiwe, hata kwa mwenye udhuru kama huyo bi harusi.

Ama nyuzi za hariri au sufi zisizofanana na nywele, jambo ni jepesi. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amenukuu kauli ya Kadhi Iyadh kwamba kufunga nyuzi za namna hiyo si katika kuunganisha kulikokatazwa.

Pili, josho. Katika madhehebu yetu ya Shafi, josho la faradhi halisihi mpaka maji yafike kwenye nywele zote na ngozi iliyo chini yake. Gundi huzuia maji. Tena ikishika kwenye paji, imezuia na udhu, kwani paji ni sehemu ya uso. Kwa hiyo ilainishe gundi kwa mafuta, uitoe yote, uoge upya, kisha uzihesabu swala za siku hizo uzilipe kidogo kidogo. Usikate tamaa, mlango wa toba u wazi. Misuko ya nywele zako mwenyewe haina dhiki hiyo: Bibi Ummu Salama alipouliza, aliambiwa si lazima kuifumua kwa josho la janaba, maadamu maji yapenya ndani.

Sasa tuje kwenye njia za kusitiri zilizo halali. Badili mwachano wa nywele, usiwe siku zote mahali pamoja. Punguza urefu, kwani nywele fupi huonekana nzito kuliko ndefu chache. Suka mabutu mapana yaliyolegea. Hina safi huvika kila unywele na kuupa unene kidogo. Lakini jihadhari na piko nyeusi, kwani aghalabu ina kemikali inayochoma ngozi, na Mtume aliagiza mvi za Abu Kuhafa zibadilishwe rangi ila ziepushwe na weusi. Upo pia unga wa nyuzinyuzi wa rangi ya nywele, unaonyunyizwa kichwani ukaziba uwazi. Huo hauunganishwi na nywele, na hutoka kwa maji na sabuni. Mke aweza kuutumia nyumbani, bora auoshe kabla ya josho. Lakini binti anayeposwa asiufanye hila: mposaji aelezwe ukweli.

Yafaa pia kujua sababu. Nywele za mzazi aghalabu huanza kupukutika miezi mitatu hivi baada ya kujifungua, na kwa wengi hurudi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Upungufu wa damu nao hunyonyoa, basi nenda zahanati ukapimwe. Dawa ya kupaka ya minoksidili isitumiwe na mjamzito wala anyonyeshaye bila shauri la daktari. Rasta za kubana hung'oa nywele za mbele, na zikivutwa miaka mingi mizizi hufa, zisiote tena. Hata ushungi wetu, ukifungwa kwa kukaza juu ya nywele mbichi asubuhi za baridi za Ngong, hudhuru. Kausha kwanza, kisha funga kwa kulegeza.

Na nyinyi waume, sikilizeni. Huyu mama hakujificha kwa ajili ya majirani; hao wamuona na ushungi wake. Alijificha kwako wewe. Nywele zile zimepukutika kwa kukuzalia mwanao. Neno moja la dhihaka chumbani ndilo humpeleka mwanamke kwenye gundi, na gundi ikamharibia swala. Tazameni majirani zetu Wamaasai hapo sokoni Kiserian: mama amenyoa kichwa chote, amevaa shanga zake, naye atembea kwa heshima mbele ya mumewe. Uzuri wa mke watokana pia na jicho la amtazamaye.

Dada yangu, vua wigi usiku wa leo, mwambie mumeo ukweli. Allah akurudishie afya, na awatie mapenzi na huruma baina yenu. Amin.