Bomba likipasuka kwa barafu

Sisi wa Nairobi tumezoea bomba kupasuka kwa kutu au kwa jembe la kibarua. Lakini mwanao akienda kusoma Marekani, Kanada au Uingereza, atakutana na adui mwingine: maji yanayoganda ndani ya bomba. Mnamo Februari 2021, hata Texas, jimbo la joto wanamoishi Wakenya wengi, umeme ulikatika wakati wa baridi kali na mabomba yakapasuka katika nyumba nyingi.

Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Barafu huziba bomba na kuyabana maji yaliyo kati yake na mfereji uliofungwa. Presha ikizidi, bomba hupasuka. Ndiyo maana wenyeji huacha mfereji ukidondoka usiku wa baridi kali. Ubaya ni kwamba mara nyingi maji hayamwagiki hadi barafu iyeyuke, pengine mwanafunzi akiwa darasani.

Asubuhi maji yasipotoka, funga koki kuu kisha ufungue mfereji. Pasha bomba joto kwa taulo zilizochovywa katika maji moto, ama kwa mashine ya kukausha nywele iwapo pamekauka. Anzia upande wa mfereji ukirudi nyuma, ili maji yapate njia. Usitumie moto kamwe! Nyumba nyingi za Marekani na Kanada ni za mbao.

Ukiona ufa, usiguse swichi ukiwa umesimama majini. Kwa muda, funga ufa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ukikaze kwa klipu za chuma kama zile za mipira ya gari. Dawa ya kudumu ni kukata sehemu iliyopasuka, kulainisha ncha kwa msasa na kuunga kipande kipya. Kisha fungua koki polepole ukichungulia viungo. Mpangaji amwite mwenye nyumba kwanza, asije akadaiwa hasara.

Wako wanaozima hita wakisafiri Krismasi ili kupunguza bili. Heri waiache kwenye nyuzi 13 za selsiasi, maana dari likianguka, vitabu na godoro havitapona. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi mzazi, mwanao akikupigia simu kwamba amepata chumba, usiulize kodi pekee. Muulize pia: koki kuu iko wapi?