BARAZA YA MWALIMU: Mtaka cha Mvunguni



Mwaka huu napenda tuzungumze na wenzetu waliokwishatimiza miaka 50 hapa Uingereza, wenye nia ya kuanzisha biashara, na nia hiyo haitoki moyoni. Ukimwuliza mmoja wao kinachomzuia, atakwambia, "Sina mtaji," au "Umri umekwishanipita." Mimi naona kipo kizuizi cha tatu kisichotajwa, nacho ni haya. Mtu aliyekuwa karani au mwalimu kwao hujiuliza, "Watasemaje wakiniona nauza sambusa?"

Tuanze na umri. Harland Sanders, yule mzee wa kuku ambaye sura yake tunaiona madukani, alizaliwa 1890. Mwaka 1952, akiwa amepita miaka 60, ndipo alipompa mtu wa kwanza ruhusa ya kuuza kuku kwa mapishi yake, katika mji wa Salt Lake City. Hakuanza mikono mitupu. Alikwishapikia wasafiri kwa miaka mingi. Basi umri nao ni mtaji.

Ama haya na hofu, dawa yake ni hesabu. Tuseme mama amepika sambusa 50. Unga, nyama, mafuta na umeme vimemgharimu pauni 20. Akiuza kila moja kwa peni 80, atapata pauni 40. Isipouzwa hata moja, hasara ni pauni 20, na watoto watakula. Kumbe lililokuwa likimnyima usingizi ni pauni 20! Ila asisahau jasho lake. Akitumia saa 4, amejilipa pauni 5 tu kwa saa. Na apandishe bei, au apike nyingi kwa mkupuo mmoja. Fedha za biashara aziweke mbali na za nyumbani, na kila siku aandike daftarini.

Sheria nayo isimtishe. Anayetaka kuuza chakula apikacho nyumbani hujiandikisha kaunsili siku 28 kabla ya kuanza. Hakuna ada, wala hawezi kukataliwa kuandikishwa. Na tangu 2017, mapato ya biashara yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, kabla ya kutoa gharama, hayatozwi kodi.

Sasa neno langu kwa sisi jamaa. Mara nyingi sisi ndio tunaomwogopesha. Akianza, tunacheka pembeni, akipika, tunataka bure, tukinunua, tunasema, "Niandikie." Anayempenda ndugu yake na amlipe papo hapo, tena bei ile ile anayolipa mgeni. Sahani tatu za mkopo zaweza kuua biashara iliyoanza na pauni 20.

Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama si kudhalilika. Aliye na nia, na apike zile 50 za kwanza kabla ya mwezi huu kwisha.