Nyundo Si Dawa ya Breki Iliyokwama

Katika maegesho na gereji za Kaloleni, katikati ya Jiji la Arusha, si ajabu kuona lori lenye shehena kamili likishindwa kuondoka. Injini inanguruma na gia imeingia, lakini magurudumu ya nyuma hayageuki kwa sababu breki ya mkono imekwama. Aghalabu chombo cha kwanza kuchukuliwa ni nyundo, na cha pili ni mnyororo wa kuvutwa na lori jingine. Fundi asifiwaye ni yule awezaye kuliondoa gari upesi. Sifa hiyo yafaa itazamwe upya. Breki iliyokwama hutoa habari juu ya hali ya gari, na mtu anayeilazimisha kuachia kabla ya kuielewa habari hiyo humrudisha dereva barabarani akiwa na hatari asiyoijua.

Springi na upepo

Mtu aliyezoea gari dogo hudhani kwamba breki ya mkono hukazwa kwa nguvu na huachia yenyewe. Katika lori kubwa litumialo breki za upepo, mambo ni kinyume. Ndani ya chemba ya breki mna springi nene ambayo wakati wote hutaka kuikaza breki. Upepo ulioshindiliwa ndio unaoisukuma springi hiyo nyuma ili gurudumu liwe huru. Upepo ukipungua, springi hushinda na gari husimama.

Wazo la breki inayokaza yenyewe upepo unapopotea lilianzia katika reli. George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, na mwaka 1872 akaiboresha ili bomba likikatika, treni isimame yenyewe. Kwa hiyo lori linalokataa kuondoka kwa kukosa upepo linatimiza wajibu liliopewa na wahandisi.

Kupima kabla ya kugusa

Kazi ya fundi huanza kwa kuweka kabari katika magurudumu, hata pale ardhi inapoonekana tambarare, kwa maana breki ikiachia ghafla hakuna kitu kingine cha kulishikilia gari. Kisha injini iachwe ikizunguka, na mshale wa geji ya upepo utazamwe. Mshale usipopanda, kosa li katika kompresa, katika kidhibiti chake, au pahali upepo unapovuja. Sikio na maji ya sabuni hutosha kugundua mivujo mingi.

Mshale ukipanda vema na breki bado imeshika, swali linalofuata ni moja: yameshikwa magurudumu yote au moja tu? Yakiwa yote, sababu hutafutwa mahali panapoyahudumia yote kwa pamoja, yaani vali ya breki ya mkono na bomba kuu litokalo humo. Likiwa moja, sababu hutafutwa katika gurudumu hilo. Huenda bomba lake limeziba au utando wa mpira ndani ya chemba umetoboka. Ikiwa upepo unafika na fimbo ya chemba inarudi, lakini gurudumu halizunguki, basi springi haina lawama. Huenda viatu vya breki vimegandana na dramu kwa kutu baada ya lori kukaa siku nyingi mvuani, au mhimili unaovisukuma umekauka kwa kukosa grisi. Maswali haya huchukua dakika chache, na kila jibu huondoa nusu ya mashaka.

Mazingira ya Arusha

Mji huu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kompresa iliyochakaa, ambayo Dar es Salaam ilijaza matenki bila shida, huweza kuchelewa sana ikifika hapa. Pia hewa ikishindiliwa hupata joto, na ikipoa ndani ya tenki unyevu wake hugeuka maji. Vitabu vya nchi za baridi huonya kwamba maji hayo huganda na kuziba vali. Chini ya Mlima Meru adui ni kutu, pamoja na uji wa maji na mafuta ya kompresa unaonata ndani ya vali. Kufungua vizibo vya matenki kila siku ili kumwaga maji hakugharimu chochote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatari ya njia ya mkato

Springi ya chemba moja hubanwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja. Anayefungua mshipi wa chuma wa chemba bila kuifunga springi kwanza huweza kuuawa papo hapo. Chemba nyingi huja na bolti maalumu ya kuivuta na kuifunga springi, na ni halali kuitumia ili kulifikisha lori gereji. Isipokuwa bolti hiyo ikiachwa humo kwa wiki nzima, gurudumu hilo halina tena breki ya mkono, wala ile ya kujikaza upepo unapokwisha.

Mwenye mali atasema kwamba nyanya zinaoza na mteja anangoja. Hoja hiyo ina uzito, lakini tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni katika barabara ya Arusha–Namanga, lori lililoelezwa kuwa breki zake zilishindwa kufanya kazi liligonga magari mengine, na watu 25 wakapoteza maisha. Kila ajali ina chanzo chake, ila hakuna shehena ya nyanya inayoweza kuwekwa kwenye mizani na hasara ya namna hiyo.

Mafundi wa Kaloleni hawana upungufu wa akili wala wa bidii. Wengi hufundishwa kazi kwa kutazama wenzao, huku vitabu vya malori vikiwa vimeandikwa kwa lugha za kigeni. Chuo cha Ufundi Arusha na vyuo vya VETA vingetoa mchango mkubwa kwa kuandaa karatasi moja ya Kiswahili, yenye maswali ya ukaguzi kwa mpangilio wake na onyo juu ya springi, ibandikwe katika kila gereji. Nao wenye malori hawana budi kumlipa fundi kwa kupata chanzo cha kosa, hata kama gari limechelewa kuondoka.