DENGI: MSISINGIZIE MVUA, MVUA HAIGOMBEI UBUNGE!

Kijana wa Manzese, Buguruni, Tandale na Mbagala, sogea karibu tuambizane ukweli. Kila dengi inapoibuka Dar es Salaam, vigogo wanavaa suti, wanaita waandishi wa habari na kuimba wimbo ule ule: eti ni mvua. Mvua imeleta mbu, mvua imeleta homa, basi mvua ndiyo mshitakiwa!

Masika hayakuanza jana. Yananyesha Machi hadi Mei tangu babu yako hajazaliwa. Mgeni anayekuja kila mwaka miezi ile ile si mgeni tena, huyo ni mkwe. Ukishindwa kumtandikia mkeka, aibu ni yako, si yake.

Wanatuona mbumbumbu, kwa hiyo tuwaeleze jinsi mambo yalivyo. Mbu wa dengi anaitwa Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Si yule wa malaria. Huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Chandarua kina kazi yake usiku, lakini hakikufuati gereji, kijiweni wala juu ya bodaboda. Anataga kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo: pipa, ndoo, tairi kuukuu, kopo, kifuu cha nazi. Mayai yake yanang'ang'ania ukingoni mwa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi mingi bila kufa. Mvua ikijaza chombo yanaanguliwa, na baada ya wiki moja au siku 10 hivi mbu wapya wanaruka.

Joto nalo lina mkono wake. Mbu akimnyonya mgonjwa haambukizi papo hapo. Virusi vinahitaji muda kukomaa ndani yake. Kwenye nyuzi 25 hadi 28 ni kama siku 8 hadi 12, na joto likipanda zaidi kidogo muda huo unafupika. Mbu mwenyewe anaishi wiki chache tu, kwa hiyo kila siku inayopungua ni watu wengi zaidi wa kuumwa. Sasa piga hesabu: Februari na Machi joto la mchana Dar linapita nyuzi 30, halafu masika yanafuata. Mitego yote miwili inafyatuka pamoja.

Utasema, basi wakubwa wana haki ya kulaumu mvua? Thubutu! Tazama kiangazi. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Mlalahoi alifanya nini? Alijaza mapipa na madumu, akayaweka uani. Pipa lisilo na mfuniko ni kiota cha mbu wa dengi hata bila tone moja kutoka mbinguni. Mvua ikinyesha, mbu anazaa kwenye makopo na matairi ya taka zisizozolewa. Jua likiwaka, anazaa kwenye pipa la mtu ambaye bomba lake limekauka. Hali ya hewa inabadilika, lakini mshitakiwa ni yule yule: aliyechukua kodi yako akashindwa kukuletea maji na kukuzolea taka!

Wala wasidai walishtukizwa. Ugonjwa wenyewe pwani hii tuliuita kidingapopo tangu karne ya 19. Mwaka 2010 dengi iligonga hodi Dar. Mwaka 2014 ilirudi, Kinondoni ikaumia kuliko kwingine, na hata daktari aliyekuwa akitibu watu jijini aliuawa nayo. Mwaka 2019 nchi ilihesabu karibu wagonjwa 7,000, wengi wao wa jiji hili. Hodi ngapi zinatosha kumwamsha mwenye nyumba?

Sasa sikia la kuudhi. Mwaka 2015 serikali hiyo hiyo ya CCM, kwa ushirikiano na Cuba, ilizindua kiwanda Kibaha cha kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi. Ililengwa malaria, lakini bakteria wa aina ya Bti waliomo kwenye moja ya dawa hizo wanaua viluwiluwi wa Aedes pia. Kibaha ni pua na mdomo na Dar! Juni 2017 Rais Magufuli alikwenda pale, akaagiza halmashauri zote zikanunue dawa hiyo. Agizo la Rais mzima, si la balozi wa nyumba kumi. Miaka 2 baadaye jiji lilikuwa kitandani na dengi. Pesa za magari ya wakubwa hazikosekani, za dawa ya viluwiluwi ndizo zinazotafutwa kwa tochi.

Kijana, usikae ukingoja mbu akupigie kura. Kila wiki mwaga maji ya makopo, sugua kuta za pipa, lifunike. Toboa au ondoa matairi ya gereji. Ukipata homa kali na maumivu ya viungo na nyuma ya macho, kapime, usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziache, zinaweza kukuzidishia kutoka damu. Ukiona damu kwenye fizi, unatapika mfululizo au tumbo linauma sana, kimbilia hospitali hata kama homa imeshuka.

Ukimaliza pipa lako, nenda kwenye mkutano wa mtaa. Simama, muulize diwani mbele ya watu: kabla ya masika, halmashauri imenunua lita ngapi za dawa? Taka zinazolewa lini? Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Akianza kuzungumzia mawingu, mkae kimya mumtazame. Kisha mkumbuke sura yake siku ya kura.

Mvua huwezi kuinyima kura. Diwani unaweza!